Kona ya Yaya: Kinga, sindano na barabara ya Buta

Mdogo wangu wa Mangobo, barua yako niliipokea Jumatatu na nimeirudia mara tatu. Una miaka 20. Ulianza kujidunga insulini ukiwa na miaka 14. Marafiki zako watatu wamepanga kwenda Banalia kwa kinga, yaani baiskeli, mvua zikipungua, kilomita 128 za barabara ya Buta kutoka hapa Kisangani, mmoja na VTT, baiskeli ya milimani aliyoletewa na mjomba wake, wengine na zile kinga nyeusi za mizigo, na wewe unataka kuwa wa nne. Mama amekataa. Marafiki hawajui kwamba una ugonjwa wa sukari. Unaniuliza: "Yaya, niende bila kusema?"

Uende, ndiyo. Bila kusema, hapana. Na hiyo hapana nitaieleza mpaka uichoke, kwa sababu nyumbani kwetu tunaijua bei yake.

Kitinda mimba wa mama yetu, kaka yangu, naye ana sukari hii inayoanza utotoni. Alipokuwa na miaka 11 alianza kukonda huku anakula chakula cha watu wawili. Usiku aliamka mara nne kukojoa, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa pale alipokojoa. Katika kituo kimoja cha afya walimtibu malaria, wiki iliyofuata wakamtibu malaria tena. Siku ya tatu ya dozi ya pili alikuwa anatapika, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Tulimfikisha hospitali hajitambui. Muuguzi mmoja mzee akasema, mpimeni sukari. Kipimo hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba imepita mwisho wa uwezo wake wa kusoma.

Akapona, akakua, akanunua kinga, akaanza biashara ya njiani: sabuni, chumvi na nguo kwenda vijijini, mchele na mafuta ya mawese kurudi mjini. Na akaficha ugonjwa wake, kama wewe. Siku moja walipokaribia Bengamisa, kilomita 51 kutoka hapa, alianza kuyumba. Akawatukana wenzake bila sababu, akaketi katikati ya barabara. Wenzake wakasema amekunywa pombe ya lotoko. Wakamsogeza kivulini, wakaegesha kinga yake kwenye mti, wakaendelea na safari wakiahidi kumpitia wakati wa kurudi. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi za makemba pembeni ya njia. Aliona mtu amekaa kivulini, hana kazi yoyote, na jasho linamtiririka kama amenyeshewa. Yule mama alikuwa na ndugu mwenye sukari. Akamkorogea chai yenye sukari tele, akamnywesha kidogo kidogo wakati bado anaweza kumeza.

Wale wenzake hawakuwa watu wabaya, mdogo wangu. Hawakuwa wameambiwa. Mmoja wao mpaka leo akija kwetu hawezi kumaliza kuisimulia siku ile bila machozi.

Kwa hiyo kabla ya chochote kingine, kabla hujapaka mnyororo mafuta, waite hao watatu uwaambie. Waonyeshe chupa, sindano na kipimo. Waambie maneno haya haya: mkiniona nakuwa mkali ghafla, natetemeka, nacheka ovyo, naongea maneno yasiyopangika au nayumba kwenye mstari ulionyooka, msiniulize kama niko sawa, kwa sababu nitawajibu niko sawa. Nipeni sukari kwanza, tugombane baadaye.

Unaogopa watakucheka, au watasema umelogwa. Najua yanayosemwa uani kwetu. Lakini rafiki atakayekucheka ukiwa Mangobo, heri umjue sasa kuliko kumjulia porini.

Sasa niseme na mama yako kidogo, maana najua atasomewa. Mama, hofu yako ina sababu. Lakini mji huu umelelewa na kinga. Miaka ya 1990, mafuta yalipokuwa adimu na magari yakaoza uani, vijana wetu walifunga mito kwenye kariyeri wakaanza kubeba abiria, na toleka ikazaliwa, jina la Kilingala la kusema tupite, twende. Vita vilipokuja 1998, mto ukafungwa, meli za Kinshasa zikakatika, na waliolisha Kisangani ni wanaume waliosukuma baiskeli kutoka Buta, Opala na Ubundu wakiwa na magunia juu. Leo pikipiki zimechukua abiria wa mjini, lakini kumba-kumba, hao wasukuma baiskeli za mizigo, bado wako njiani. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba kati ya maelfu ya watu hao hakuwamo hata mmoja mwenye sukari. Walikuwamo. Wengine walianguka njiani na hatukujua waliangushwa na nini.

Na wako waliojua na wakafika. Huko Marekani yuko Phil Southerland, ambaye ugonjwa huu ulimpata mwaka 1982 akiwa na miezi saba tu, na mama yake akaambiwa mtoto huenda asifike miaka 25. Chuoni akakutana na Joe Eldridge, naye ana sukari ya aina ya kwanza, naye ni mwendesha baiskeli, lakini alikuwa amechoka kujipima. Wakawekeana dau: tukipima, mwenye sukari ya juu analipa chakula. Kwa mchezo huo Joe akarudi kwenye kipimo. Wawili hao wakaunda timu wakaiita Team Type 1, na mwaka 2007 waendeshaji wanane, wote wa sindano kama wewe, waliongoza kundi lao katika mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, zaidi ya kilomita 4,800, wakipokezana usiku na mchana, kwa muda usiofika siku sita. Timu hiyo ilifika hata hapa jirani: mwaka 2011 mwendeshaji wake Kiel Reijnen, ambaye yeye hana sukari, alishinda Tour du Rwanda katika vilima vya huko. Tangu 2013 inaitwa Team Novo Nordisk na waendeshaji wake wote wana kisukari.

Najua unachotaka kunijibu: hao wana gari linalowafuata, wana daktari, wana kifaa kinachobandikwa mkononi kinachosoma sukari kila dakika chache. Wewe una pakiti ya bandeleti za kupimia sukari zinazohesabika na umeme wa barraji ya Tshopo unaokuja na kuondoka. Ni kweli kabisa. Lakini nilichokichukua kwao ni lile dau. Walikuwa wawili, kila mmoja akijua namba ya mwenzake. Hilo halihitaji gari.

Sasa tuingie kwenye safari yenyewe.

Kwanza lile wanalokuambia pale kanisani na sokoni, kwamba ukiendesha sana sukari itaisha mwilini na utaachana na sindano. Usilisikilize. Kuna sukari ya watu wazima ambayo mazoezi na chakula huweza kuipunguza sana. Yako ni nyingine: kongosho lako halitengenezi tena insulini. Kabla ya Januari 1922, mtoto mwenye ugonjwa huu alikufa, basi. Mwezi huo, mjini Toronto, walimdunga mtu wa kwanza, Leonard Thompson, na alikuwa na miaka 14, umri uleule uliokuwa nao wewe ulipoanza. Mtu akikuombea, sema amina, kisha ujidunge. Akikuambia maombi yake yanataka uweke sindano chini, au kwamba majani yake hayapatani na insulini, ondoka hapo, na unipigie.

Kuendesha kunafanya insulini iwe na nguvu zaidi. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na dozi iliyokutosha ukiwa umekaa nyumbani inaweza kukuangusha ukiwa kwenye kinga. Ndiyo maana madaktari wengi hupunguza insulini ya chakula kinachotangulia safari ndefu, wakati mwingine robo, wakati mwingine nusu au zaidi. Kiasi chako sikijui mimi, na rafiki yako mwenye sukari hakijui pia. Nenda kwa anayekutibu, mwambie saa mnazoondoka, kilomita, na mzigo, mpange pamoja. Ile insulini ya msingi, ya kutwa au ya usiku, huenda akaipunguza, lakini usiifute kwa uamuzi wako. Asubuhi ya safari jidunge tumboni, usijidunge pajani, maana paja linalokanyaga pedali linaivuta dawa haraka kuliko ulivyohesabu.

Asubuhi hiyo upime. Kati ya 126 na 180 kwenye kipimo chetu cha mg/dl, panda kinga. Chini ya 90, kula kwanza, subiri ipande. Juu ya 270, usiondoke mpaka umepima mkojo kwa vijiti vya ketoni. Ketoni zikiwepo, au kama huna vijiti na tumbo linachafuka, siku hiyo si ya safari, hata kama wenzako wamekwisha funga mizigo. Hapo mwili hauna insulini ya kutosha, na kukanyaga pedali kunaipandisha sukari badala ya kuishusha.

Bandeleti ni ghali, ninajua. Kaka yangu akiwa na tatu tu kwa siku nzima anazigawa hivi: moja kabla ya kuondoka, moja baada ya saa ya pili njiani, na ya mwisho kabla ya kulala. Hiyo ya mwisho haigusi hata kwa dharura ya mchana. Mchana akihisi sukari inashuka, anakula bila kupima.

Hapo pa kuhisi pana mtego wa Kisangani. Vitabu vinasema dalili ya kushuka ni jasho. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, hewa nzito ya unyevu, mtu anatoka jasho akipiga pasi. Mtajuaje? Kaka yangu anatofautisha hivi: jasho la njia linapungua ukisimama kivulini, jasho la sukari linaongezeka na ngozi inakuwa baridi. Na midomo inakufa ganzi kidogo. Wewe utakuwa na dalili yako, itafute ukiwa bado karibu na nyumbani.

Barabara ya Buta haina milima ya kutisha, lakini ina tope, mchanga, na yale materemko ya kwenda kwenye vijito ambayo upande wa pili unasukuma kinga yenye gunia huku moyo unapiga ngoma. Kusukuma kwa nguvu namna hiyo kunaweza kuipandisha sukari kwa muda. Ukipima pale juu ukakuta namba kubwa, usikimbilie sindano. Kunywa maji, endelea taratibu, baada ya saa moja itaanza kushuka yenyewe, na ukiwa umejidunga itashuka kupita kiasi.

Kula njiani ni kazi kama kukanyaga pedali. Safari ya kutwa inadai gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, kwa hiyo moja hadi mbili kila saa, au kipande cha kwanga ya muhogo, au makemba ya kuchoma. Usisubiri njaa. Lakini makemba, kwanga na karanga havimwinui mtu aliyeshuka. Vinakwenda polepole, na mafuta ya karanga yanachelewesha zaidi. Aliyeshuka chini ya 70 anataka sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Ukiinuka, ndipo ule kwanga. Na usipande kinga kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Sukari hiyo ikae mfukoni mwako, imefungwa kwenye nailoni isilowe, na nyingine mfukoni mwa rafiki. Isikae kwenye gunia chini ya kamba sita. Nimeona kaka yangu akihangaika na fundo la mpira akiwa hana nguvu za vidole, na fundo lile nililikata kwa kisu mimi.

Insulini nayo usiifunge kwenye kariyeri juani. Chupa isiyofunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja imekufa. Chupa uliyokwisha fungua inavumilia hali ya kawaida ya chumba kwa wiki nne hivi. Soma karatasi ya ndani ya boksi lake. Njiani itie kwenye kopo dogo, lizungushie kitambaa chenye unyevu, uiweke ndani ya mfuko unaoning'inia mwilini upande wa kivuli. Nyumbani wengi wetu tunatumia chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Kinasaidia, ingawa kwetu hewa ina unyevu mwingi na hakipozi kama kinavyopoza nchi kame, kwa hiyo kiweke penye upepo, mbali na jiko. Ile insulini safi kama maji ikiingia ukungu, itupe. Ile nyeupe kama maziwa ibiringishe viganjani; ikibaki na mabonge au imeganda ukutani mwa chupa, itupe pia. Gawa dawa yako mara mbili, nusu kwako, nusu kwa mwenzako, mto ukiichukua kinga moja ibaki nyingine. Na utazame maandishi: kuna chupa za U-100 na za U-40, kila moja na bomba lake. Bomba lisilo lake litakupa dozi ambayo hukuikusudia.

Kuhusu kupata dawa yenyewe, umri wako bado unakupa nafasi. Mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children ulianza 2009 na Kongo yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo, nao huwapa vijana insulini na vipimo bila malipo katika vituo unavyoshirikiana navyo. Nenda ofisi ya zoni ya afya ya Mangobo, uulize kwa jina hilo, uulize tena kwenye hospitali kubwa za Makiso. Usikubali jibu la mlinzi wa getini.

Jioni mkifika, hatari haijaisha, na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kuliko popote. Misuli inaendelea kuvuta sukari usiku kucha, hata mpaka kesho yake. Utakuwa umechoka, utalala kama gogo, na sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini. Kula vizuri, lituma na samaki, pima kabla ya kulala, na ikiwa chini ya 130 hivi ongeza chakula. Mwombe mmoja akuamshe saa nane ya usiku. Na lotoko, mdogo wangu, usiiguse usiku huo. Watakukaribisha kwa wema, kikombe kitazunguka. Pombe inalizuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na ini ndilo lililobaki kukulinda ukiwa umelala. Isitoshe, ukianguka ukiwa unanuka lotoko, nani atafikiri ni sukari?

Homa ikikupata huko, usiache insulini kwa sababu hujala. Ugonjwa unapandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Na wakikuwekea dripu ya kwinini, waambie mapema kwamba wewe ni wa insulini, kwa sababu kwinini inaweza kushusha sukari. Kupimwa malaria kuambatane na kupimwa sukari. Yaliyompata kaka yangu yasikupate.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kagua nyayo kila jioni.

Nanyi marafiki watatu, ikiwa amewasomea: akizimia, msimmiminie soda mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu. Mtu akimbilie kituo cha afya kilicho karibu, na kama kiko mbali, lowanisheni sukari kidogo mpake ndani ya shavu na chini ya ulimi, mkirudia huku mkimshikilia ubavuni. Msimdunge insulini hata kama mnaiona kwenye mfuko wake. Na msimwache. Hata kama jua linazama, hata kama mzigo utachelewa soko.

Banalia isubiri kidogo. Jumamosi hii nenda Bengamisa na urudi Jumapili, bila mzigo, na rafiki mmoja anayejua. Andika kwenye daftari kila namba, saa, ulichokula na ulikopita. Jumamosi ya pili urudie na gunia. Daftari hilo mpelekee anayekutibu, halafu mwonyeshe mama. Nadhani mama amekataa kwa sababu hajawahi kuona namba zako. Ameona tu sindano.

Nilimsomea kaka yangu barua yako jana jioni, alikuwa anaziba pancha uani. Alinyamaza mpaka alipomaliza kuijaza upepo. Kisha akasema Jumamosi yeye ana safari ya Bengamisa hata hivyo, ataondoka saa kumi na moja alfajiri, na atapita kwenu. Atakuuliza namba yako ya asubuhi kabla hajakusalimu, nawe muulize yake.